Pasi, Tochi na Uchochoro wa Maandazi

Ijumaa asubuhi nilikuwa napiga pasi kanzu yangu. Mpwa wangu alikuwa amekaa mkekani ananiangalia. Akagusa waya wa pasi, akanyanyua uso.

"Mjomba, mbona waya huu ni wa baridi, na pasi inaunguza? Umeme si ni ule ule?"

Umeuliza vizuri, mwanangu! Wako watu wazima wamepiga pasi miaka arobaini na swali hilo halijawajia. Ngoja nimalize mkono huu wa kanzu, kisha tuiulize pasi yenyewe.

Nikachomoa plagi. Pasi ilipopoa nikaigeuza. Kwenye kisigino chake kuna maandishi madogo. Mtoto akayafuata kwa kidole: 230 V. 1,150 W.

"Hayo ndiyo majina yangu," ikasema pasi. "Ndani yangu mna waya wa nikeli na kromiamu, mkaidi kama punda. Umeme ukija mbio, waya wangu unasema: taratibu! Umeme unasukumana, unajipenyeza, nami napata moto. Ukaidi huo unaitwa ukinzani. Waya wa nje ni wa shaba. Shaba ni mpole, inampisha kila mgeni. Ndiyo maana umeushika na hukuungua."

Sasa nanyi mnaosoma, fumbeni macho kidogo. Uoneni uchochoro, kuta huku na huku. Watu wanapita na kila mmoja ana kikapu cha maandazi kichwani. Watu wanaopita kila sekunde, hao ndio mkondo, na tunauhesabu kwa ampea. Wembamba wa uchochoro ndio ukinzani, tunauhesabu kwa omu. Na volti je? Volti ina kazi mbili. Inawasukuma watu wapite, na inawajazia vikapu. Volti 230, basi kila kikapu kina maandazi 230.

"Na wati, mjomba?"

Wati ni maandazi yanayofika mwisho wa uchochoro kila sekunde. Haya, kwa pasi yetu yanafika mangapi?

"1,150. Imeandikwa."

Na kila kikapu kina mangapi?

"230."

Basi wamepita watu wangapi?

Akaandika kwa kijiti mchangani, akafuta, akaandika tena. Ulimi ulikuwa umetoka nje kidogo, kama afanyavyo akikaza akili. "Watano!"

Watano kweli! Ampea 5. Umeona? Volti zidisha kwa ampea, unapata wati: 230 mara 5 ni 1,150. Na ukitaka kujua uchochoro ni mwembamba kiasi gani, volti gawa kwa ampea: 230 gawa kwa 5 ni 46. Ukinzani wa pasi yetu ni omu 46, na hatukufungua hata skrubu moja.

Nani alitufundisha kugawa hivi? Ni Mjerumani mmoja, Georg Simon Ohm, mwalimu, mtoto wa fundi wa makufuli. Alitaka kujua waya mrefu na waya mfupi upi unapitisha umeme zaidi. Taabu yake ilikuwa betri. Betri za siku zile zilichoka upesi, na betri ikichoka katikati ya kazi, hesabu yote inaharibika. Unajua alifanya nini? Alichukua metali mbili zilizounganishwa. Ungio moja akaliweka kwenye maji yanayochemka, jingine kwenye barafu. Moto huku, baridi huku, akapata umeme mtulivu! Akabadilisha waya baada ya waya, akitazama sindano ya sumaku inageuka kiasi gani. Mwaka 1827 akachapisha kitabu chake. Mimi huipenda sana picha hiyo, mtu mzima ameinamia maji ya moto na barafu kwa sababu ya swali kama la mpwa wangu. Leo jina lake ndilo kipimo chenyewe. Tunasema omu.

Mtoto akanyamaza. Kisha akakimbilia chumbani, akarudi na tochi ile ya mawe mawili. Kila jiwe ni volti 1.5, mawili ni volti 3. Kwenye kitako cha ile balbu yake ndogo ya waya kumeandikwa 0.3 A. Akagawa mwenyewe, 3 kwa 0.3.

"Omu 10. Mjomba, hapa pana kosa! Uchochoro wa tochi ni mpana kuliko wa pasi, si watapita wengi zaidi? Mbona tochi hainiunguzi mkono?"

Umeuliza vizuri. Hili limewachanganya wengi. Hebu chungulia ndani ya vikapu. Vya pasi vina maandazi 230. Vya tochi vina matatu tu! Na msukumo wa volti 3 ni mdogo, hata pakiwa papana hawapiti wengi. Zidisha.

"3 mara 0.3... 0.9. Haifiki hata wati moja!"

Haifiki. Ukinzani peke yake haukwambii joto litakuwa kiasi gani. Ni lazima uulize na volti.

Akaitazama tochi. Akaitazama soketi ya ukutani. Nikaona swali linakuja, na hili nililijibu haraka kabla mkono haujafika. Uchochoro wa omu 10, msukumo wa volti 230. Gawa.

"Ampea 23."

Zidisha.

Kijiti kikachora mchangani muda mrefu. "5,290! Mjomba, hizo ni pasi nne na zaidi!"

Ndani ya waya mwembamba kuliko unywele wako. Kabla hujapepesa jicho waya huo utakuwa umekatika, na kioo kinaweza kukurukia usoni.

Akarudi nyuma hatua mbili. Akaifunga tochi, akaipeleka chumbani alikoitoa. Aliporudi alikuwa ameshika jagi la umeme, amelipindua, anatafuta maandishi kwenye kitako.