Kozi ya Kompyuta ya Miaka Miwili: Tupige Hesabu Kwanza

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, swali hili huzuka majumbani mwetu Likoni, Kisauni na Changamwe. Kijana amepata C, chuo kikuu hakimchukui, naye ataka kusoma kompyuta miaka miwili. Mzazi afanye nini? Auze kiwanja? Akope? Ama amwambie akatafute kibarua? Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi, tushike kalamu.

Ni masomo gani haya?

Hii ni diploma, si digrii. Digrii hapa Kenya huchukua miaka minne na yataka C+. Diploma yataka C-, na huchukua miaka miwili, vyuo vingine mitatu. Vyuo vya serikali vya karibu ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, na Kenya Coast National Polytechnic, ambayo mpaka mwaka 2016 ilikuwa Mombasa Technical Training Institute.

Itagharimu kiasi gani?

Mwaka 2023 serikali ilipanga ada ya vyuo vya ufundi iwe shilingi 67,189 kwa mwaka. Miaka miwili ni 134,378. Sehemu ya pesa hizo yaweza kulipwa na serikali au kwa mkopo, lakini tuzihesabu zote kwanza.

Nauli nayo? Kivuko cha Likoni ni bure kwa aendaye kwa miguu, lakini matatu si bure. Tuseme ni shilingi 100 kwa siku, siku 180 kwa mwaka. Miaka miwili ni 36,000.

Sasa gharama ambayo wengi wetu twaisahau: muda. Kama kijana angefanya kibarua cha shilingi 10,000 kwa mwezi, miezi 24 ya darasani ni shilingi 240,000 ambazo hakuzileta nyumbani. Jumla yote ni 410,378. Waona, ndugu msomaji? Ada si nusu ya gharama. Kubwa ni wakati.

Faida iko wapi?

Tuseme baada ya diploma apata kazi ya shilingi 18,000. Amezidi kibarua kwa 8,000 kila mwezi. Gawanya 410,378 kwa 8,000: ni miezi 51 na kidogo, yaani miaka minne na zaidi kurudisha gharama. Kuanzia hapo ni faida, na umri bado anao. Akikaa mwaka mzima bila kazi, muda wa kurudisha warefuka zaidi. Akifanya kazi Jumamosi akapata 2,000 kwa mwezi wakati wa masomo, ameokoa 48,000, sawa na miezi sita. Weka tarakimu zako mwenyewe. Njia ya hesabu ni ile ile.

Je, kazi aitakayo yahitaji diploma?

Hapa ndipo wengi hupotea. Kuchapa barua, kujaza fomu za eCitizen na kurudisha kodi kwa KRA ni kazi halali, na maduka ya namna hiyo yako kila mtaa. Lakini hizo mtu hujifunza kwa kozi fupi ya miezi michache. Usitumie miaka miwili kununua kitu cha miezi mitatu.

Diploma yafaa kwa mwenye kutaka kutengeneza mashine, kuunganisha kompyuta za ofisi nzima, kutunza kumbukumbu za kampuni au kuandika programu. Mjini kwetu haja ipo. Tangu KRA ilipoleta mfumo wa Simba mwaka 2005, karatasi za forodha za bandari zimekuwa zikipitia kompyuta. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika pwani yetu, na intaneti ikaongezeka kasi. Pia, aliyefaulu vizuri diploma aweza kuendelea na digrii, mlango ambao C ilikuwa imeufunga.

Mkopo wa HELB

HELB hukopesha hata wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, nafuu kuliko mkopeshaji wa mtaani. Lakini mkopo si zawadi. Kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kijana asiye na kazi awaandikie mapema kuwaeleza, asinyamaze.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza:

1. Chuo kimesajiliwa na TVETA? Omba kuona cheti, kisha hakikisha TVETA wenyewe.
2. Mtihani watungwa na nani? Kama ni chuo chenyewe tu, na si chuo kikuu, jihadhari.
3. Kompyuta ni ngapi, na wanafunzi wangapi kwa mashine moja?
4. Ada ya mtihani imo ndani ya karatasi ya ada au ni kando?
5. Nani humtafutia mwanafunzi nafasi ya mazoezi ya kazi?

Chuo kikikukwepa kwenye maswali haya, rudi nyumbani na pesa zako.

Wazazi, msiuze kiwanja kabla ya kuandika hesabu hii. Na msichana msimwache nje: gharama yake na faida yake ni sawa na ya kaka yake. Keteni pamoja jioni moja, mzazi na kijana, daftari katikati. Hesabu ikikubali, mpelekeni kwa moyo mmoja. Ikikataa, aanze na kozi fupi, afanye kazi, aweke akiba, chuo hakihami.