Mtafiti Asiye na Cheki Namba

Andiko la mradi likishakubaliwa na mfadhili, huwa limetaja karibu kila kitu: posho ya miezi 24 ya mtafiti aliyehitimu uzamivu, bima ya afya, kompyuta mpakato, vitendanishi vya maabara, nauli ya kongamano moja nje ya nchi na semina ya kuandika maombi ya ruzuku. Limo pia neno la kutuliza roho, kwamba mtafiti atapunguziwa vipindi ili apate muda wa kutafiti. Hilo ndilo huanguka mwanzo. Huanguka siku mkuu wa idara anapobandika ratiba ya muhula, pengine hata kabla fedha za awamu ya kwanza hazijaingia benki.

Simlaumu mkuu wa idara. Ana kozi ya mwaka wa kwanza ambayo wanafunzi wake wengine husikiliza wakiwa wamesimama dirishani. Mhadhiri mmoja amestaafu, mwingine yuko masomoni, na nafasi za kuziba mapengo zinasubiri kibali cha ajira. Halafu anatokea mtu mwenye shahada ya uzamivu, ofisi yake iko mlango wa pili, na kwenye ratiba hana hata kipindi kimoja. Ukikalia kiti kile nawe utampa kozi mbili. Kozi zina majaribio, majaribio lazima yasahihishwe, na ukumbi mzima wa wanafunzi ukishaandika mtihani wa mwisho, yule mtafiti hufungua data zake tena wakati muhula mwingine unabisha hodi.

Watafiti wa baada ya uzamivu, au mapostidoki kama wanavyoitana vyuoni, wanatafuta miaka miwili mitatu ya kujenga jina: kuchapisha makala, kupata ruzuku ya kwanza kwa jina lao wenyewe, kuanza kusimamia wanafunzi. Mfumo huu ulikomaa Marekani na Ulaya, ambako mtu wa namna hiyo hushinda maabara na mara nyingi hafundishi. Huko malalamiko ni mengine: mikataba mifupi, mshahara mdogo, profesa asiyekubali mtu aondoke. Mapostidoki wa Chuo Kikuu cha California waliingia kwenye chama cha wafanyakazi, wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja mwaka 2010, na Novemba 2022 wakawa miongoni mwa watumishi wapatao 48,000 wa chuo hicho waliogoma. Kwetu Afrika Mashariki kuna watu wa aina mbili. Yupo mhadhiri aliyekwisha kuajiriwa, ambaye utafiti unaongezwa juu ya mzigo aliokuwa nao. Na yupo mtu wa mradi tu, ambaye ofisi ya utumishi haimjui. Maandiko mengi ya miradi huandikwa kwa ajili ya mtu wa tatu, anayeishi Boston.

Huyo mtu wa mradi ndiye wa kutazamwa kwa karibu. Anataka kwenda vijijini kukusanya sampuli, kwa hiyo anahitaji masurufu ya mafuta, posho ya dereva na chakula cha wasaidizi. Kwenye chuo cha umma nchini Tanzania, masurufu huchukuliwa na mtumishi mwenye cheki namba, yaani namba yake kwenye orodha ya mishahara ya serikali, ili asipofanya marejesho kwa wakati akatwe kwenye mshahara. Mtafiti wetu hana cheki namba, maana hana mshahara wa serikali. Basi masurufu yanachukuliwa kwa jina la profesa anayemsimamia. Profesa naye amekwishaonja kukatwa kwa sababu ya risiti za mtu mwingine, hivyo safari hii anasita na kuuliza maswali, na mwishowe anaomba jambo lisubiri hadi arudi kutoka Arusha. Mvua zinaanza, barabara inafungwa. Katika taarifa ya robo mwaka mtu ataandika kwamba kazi ya uwandani imeahirishwa kutokana na hali ya hewa, na mfadhili ataridhika.

Manunuzi ni hadithi hiyohiyo kwa sauti ya juu zaidi. Kimeng'enya kinachotumika kunakili vinasaba huhifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na husafirishwa kwenye boksi lenye barafu kavu, barafu ambayo haidumu siku nyingi. Chupa yenyewe haizidi kidole gumba kwa ukubwa. Ili ifike maabara inahitaji ankara kifani, idhini ya matumizi, mchakato wa zabuni, vibali vya kuingiza nchini, na mtu wa kuikimbilia uwanja wa ndege mara tu inapotua. Tangu 2023 taasisi za umma Tanzania hununua kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na sina ugomvi na uwazi wa fedha za umma. Lakini aliyepanga mradi wa miezi 24 alihesabu miezi ya kufanya majaribio. Ya kusubiri chupa hakuihesabu.

Afrika Kusini, ambako mapostidoki ni wengi kuliko huku kwetu, suala la hadhi limezaa kichekesho chake. Kwa kawaida huko postidoki hahesabiwi kuwa mfanyakazi wala mwanafunzi. Posho yake huchukuliwa kama ufadhili wa masomo usiokatwa kodi, na pensheni hana. Ila makala anazochapisha zinakiingizia chuo fedha, kwa sababu serikali hulipa vyuo kulingana na machapisho.

Uingereza walijaribu kuanzia upande wa chuo badala ya mtu. Makubaliano ya kitaifa ya kusaidia watafiti yalianza mwaka 1996, yakaandikwa upya 2008 na tena 2019. Toleo hili la mwisho linataka kila mtafiti apewe angalau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza kitaaluma, na chuo kilichotia saini kitoe taarifa ya utekelezaji kila mwaka. Siku 10 si nyingi, na karatasi ni karatasi popote duniani. Hata hivyo mtafiti anayenyimwa siku zake ana kitu cha kumwonyesha bosi wake, na kitu hicho kimetiwa saini na wakubwa wa bosi huyo.

Huku kwetu, walioelewa mapema kwamba chuo chenyewe nacho kinahitaji kuandaliwa ni CARTA, muungano ulioanzishwa 2008 ukiongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, wenye wanachama kama Makerere, Nairobi, Moi na Chuo Kikuu cha Rwanda. Wanaosomeshwa uzamivu na muungano huo ni watumishi wa vyuo wanachama, na baada ya kuhitimu wapo wanaopata ruzuku ya kuanzia utafiti nyumbani. Lakini kinachonivutia mimi ni kwamba CARTA huendesha pia mafunzo kwa wasimamizi, wakutubi na maofisa wa utawala wa vyuo hivyo. Anayeona ni ajabu kumlipia ofisa wa utawala semina kwa fedha za utafiti hajawahi kufuatilia faili lake kutoka meza hadi meza.

Fedha za kumlipa mhadhiri wa muda ashike vipindi vya mtafiti zingesaidia pia. Ziingie kwenye bajeti kwa jina la idara, mkuu wa idara azione na azisimamie mwenyewe. Wafadhili wengi huzikwepa kwa hoja kwamba kufundisha ni jukumu la chuo. Hoja ni sahihi, ila haijawahi kumsahihishia mtu hata mtihani mmoja.

Tanzania imeingia kwenye mradi mkubwa wa elimu ya juu, HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021. Majengo yamepanda na wahadhiri wamepelekwa kusomea uzamili na uzamivu. Watarudi kwa wingi na kwa wakati mmoja. Na watarudi kipindi ambacho fedha za nje zinayumba: mapema 2025, Marekani ilipositisha misaada yake ghafla, waliokuwa wakilipwa kupitia miradi walipata barua za kusimamisha kazi ndani ya siku chache, huku wenzao wa chumba kilekile, wenye ajira ya chuo, wakiendelea na mshahara. Miundo ya utumishi ya vyuo vyetu inamtambua mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, hadi profesa. Kumwingiza humo mtafiti wa baada ya uzamivu, kwa mkataba wa muda, idadi ya vipindi iliyoandikwa na haki ya kuchukua masurufu kwa jina lake, ni ajenda ya baraza la chuo na barua kwenda utumishi. Haimsubiri mfadhili yeyote.