Mshauri Naye Hufundishwa



Wengi wetu tukiambiwa twende kwa mshauri nasaha, jibu ni moja: "Mimi si mwendawazimu!" Wengine walikwenda mara moja tu, wakarudi wakisema hawakueleweka. Hatuwalaumu. Mama anasema moyo unamwaka moto na usingizi umekimbia, mshauri anampeleka kupima malaria. Kumbe mama anasema habari za watoto waliobaki njiani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini mshauri anaweza kufundishwa, na walimu wake ni sisi wakimbizi. Hapa hapa Nakivale ulifanyika utafiti uliotolewa mwaka 2008. Wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walishiriki, wote wakisumbuliwa na kumbukumbu za vita. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo ya wiki chache tu.

Njia mojawapo ilikuwa hii: mtu anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya, kwa mpangilio. Mshauri anaandika. Wakikutana tena anamsomea, naye anasahihisha na kuendelea. Walipopimwa baadaye, watu 70 katika kila 100 waliopitia njia hiyo hawakuwa tena na ugonjwa ule. Kwa wale waliofuatiliwa tu bila ushauri, walikuwa 37 katika 100. Basi, kusikilizwa na mtu anayejua maisha yako ni dawa.

Sasa sisi tufanye nini? Tumsaidie mshauri atujue:

1. Sema kwa maneno ya nyumbani. Kama ni "mawazo mengi" au "roho nzito", sema hivyo hivyo, halafu mweleze maana yake kwenu.

2. Mkalimani akiwa jirani au shemeji yako na unaona haya, omba mwingine. Hilo si dharau.

3. Mama au binti anaweza kuomba mshauri mwanamke.

4. Mweleze desturi. Kijana akiinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima, siyo kwamba anadanganya. Asiyefanya matanga kwa sababu hakuuona mwili bado anadai kilio chake, na mshauri lazima alijue hilo.

5. Kabla hujaanza, uliza: "Maneno yangu yataandikwa wapi, na nani atayasoma?" Mshauri mzuri hakasiriki akiulizwa.

Na ninyi washauri mnaotusomea gazeti hili, msione aibu kuuliza. Mgeni akiuliza njia hapotei. Ulizeni wazee, wachungaji, masheikh na wakunga wetu. Wao walikuwa wanafariji watu kabla ya kambi kuwepo.

Jamani, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama kuna mtu nyumbani hali, halali, au anajitenga na watoto, msimwache peke yake. Msindikizeni, hata kama ni kukaa naye tu nje ya mlango akisubiri zamu yake.

Tunawatakia mwezi wa amani.