Mtoto Huzungumza Kabla ya Neno la Kwanza

Asubuhi moja huko Bunda mama mmoja alitujia na binti yake wa miaka miwili na miezi minne. Mtoto alikuwa mchangamfu, anakimbia na kucheza vizuri, lakini hakuwa amesema hata "mama". "Nesi," akasema mama yule, "bibi yake ananiambia baba wa mtoto naye alichelewa. Niendelee kusubiri?"

Jibu lilitukaa kooni, kwa kuwa mwaka mmoja nyuma, mtoto alipoletwa kupimwa uzito, sisi wenyewe tulimwambia asubiri. Hatukumwangalia masikio. Safari hii tuliyaangalia, tukakuta usaha pande zote mbili.

Mama mwenzetu, mtoto huanza kujifunza lugha mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika miezi mitatu ya mwisho tumboni anasikia sauti yako, na akizaliwa anaitambua. Kwenye mwezi wa pili au wa tatu huanza kutoa sauti laini za "aa" na "guu". Kati ya mwezi wa sita na wa tisa utasikia "ba-ba-ba" (hapo akina baba hufurahi mno, ingawa bado hajaitwa mtu!). Neno lenye maana huja karibu na mwaka mmoja, na wafikapo miaka miwili wengi huunga maneno mawili: "mama njoo", "taka maji".

Haya yote hukua kwa kujibiwa. Mtoto akisema "guu", mtazame usoni, mwambie "guu", kisha nyamaza umpe zamu yake. Redio haimjibu. Wala simu yenye katuni haimjibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto chini ya miaka miwili wasiwekwe kabisa mbele ya vioo hivyo.

Akina mama wa mwaloni hapa Musoma hutuambia, "Nafasi ya kuongea na mtoto tutaitoa wapi? Dagaa hawasubiri." Tunawaelewa. Lakini hatusemi utenge saa ya darasa. Unapoanika, na mtoto yuko mgongoni, mwambie unachofanya: "Dagaa hawa wamelowa. Kunguru huyo, tumfukuze!" Akinyoosha kidole, taja jina la kitu. Akisema "aji", usimcheke wala kumkaripia, mwambie, "Ndiyo, maji, unataka maji." Na kwa kuwa akiwa mgongoni haoni mdomo wako, mgeuzie uso unapomnyonyesha na kumwogesha.

Kule Butiama swali huwa ni lugha. Bibi anasema Kizanaki, wazazi wanataka Kiswahili, wanaogopa mtoto atachanganyikiwa. Hatachanganyikiwa. Mwalimu Nyerere alikulia papo hapo katika Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka kumi na miwili, na baadaye akatafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Mwacheni bibi asimulie hadithi zake. Lugha unayoimudu ndiyo utakayomwongelesha mtoto kwa wingi na kwa raha.

Lakini mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuiga. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ya chini. Ikiwa ana miezi sita na hageuki kutafuta sauti, au ana mwaka na nusu bila neno lolote, au alikuwa na maneno yakapotea, mpeleke kituo cha afya, na uombe masikio yaangaliwe. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo. Usimpeleke kukatwa kimeo! Kimeo hakizuii mtoto kusema, na tumeona watoto wakivuja damu vibaya. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala maziwa ya mama.

Mama yule wa Bunda alipewa dawa ya matone, akafundishwa kukausha masikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara kadhaa kwa siku. Ilichukua majuma mengi, usaha ukirudi na kukauka tena. Baadaye mtoto alipelekwa Bugando, Mwanza, kupimwa usikivu. Sikio la kushoto bado ni zito, kwa hiyo nyumbani wamezoea kukaa kuliani kwake wanapomsemesha. Mwezi uliopita alituingilia mlangoni, akaonyesha mzani, akasema, "Mimi panda."