Umenuna, au Ekzosi Inavuja?

Ni Julai, Songea baridi kali. Mnarudi kutoka Mbinga kwa wakwe na lile Land Rover la zamani, Series III, ambalo mumeo ameachiwa na baba yake. Vioo vyote juu, hita inapuliza. Kabla hamjaingia mjini kichwa kinakugonga, kichefuchefu kimekupanda. Yeye anadhani umenuna kwa maneno ya mama mkwe. Wewe unaona hakujali. Ugomvi unaanza.

Dada, kaka, subirini kwanza. Fungueni boneti.

Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, iwasheni msikilize. Je, kuna mlio wa "tik tik tik" unaopungua injini ikipata moto? Kuna masizi pale manifoldi ya ekzosi inapokutana na silinda hedi? Basi huenda gasketi inavuja. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na kichwa, kizunguzungu na usingizi, mwisho inaua. Mkijisikia hivyo njiani, zimeni gari, shukeni wote mpate hewa, kisha hospitali moja kwa moja.

Usikubali fundi apake silikoni juu juu. Manifoldi inapata joto la mamia ya nyuzi. Silikoni itaungua na mtarudi palepale. Dawa ni kuifungua. Nati zenye kutu zilowekwe mafuta usiku kucha, zisije zikakatika. Masizi yakwanguliwe, kisha rula ya chuma iwekwe juu ya uso wake. Ukiona mwanya, manifoldi imepinda, ikasawazishwe kwenye mashine. Gasketi mpya ni lazima.

Kwa Series III ya petroli yenye silinda 4 kuna siri: manifoldi ya hewa na ya ekzosi zimefungwa pamoja na zinatumia gasketi moja. Boliti zinazoziunganisha ziachwe zimelegea, nati za kwenye silinda hedi zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo zile za kuunganisha zimaliziwe. Fundi akigeuza mpangilio, manifoldi inaweza kupasuka. Baada ya safari chache, injini ikiwa imepoa, nati zikaguliwe tena.

Safari ijayo ya Mbinga, kama kichwa kimetulia, msamehe mama mkwe. Kumbe wala hakuwa yeye!