Monika wa Thagaste, Mama na Bibi

Wazee wetu hunena, Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hili twapenda kulitazama mwezi huu katika maisha ya mama mmoja wa Afrika, ambaye mwanawe alikataa kuongozwa kwa miaka mingi, naye hakumwacha. Jina lake ni Monika. Waalimu humtaja wafundishapo habari za Augustino, tena mara nyingi husema tu ya kuwa alilia sana. Machozi yalikuwapo kweli, lakini yako na mambo mengine yafaayo nyumba zetu.

Monika alizaliwa karibu na mwaka 331 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Aliyemlea hasa ni mtumishi mzee, mwanamke aliyembeba mgongoni baba yake Monika alipokuwa mtoto mchanga. Mzee huyu alikuwa mkali, hata hakuwapa wasichana ruhusa ya kunywa maji kati ya chakula na chakula, wasije wakazoea kufuata kila tamaa. Pamoja na hayo Monika, akitumwa kuteka divai, alianza kuonja kidogo, kisha akazidi siku kwa siku, mpaka akawa anakunywa vikombe karibu kujaa. Siku moja mjakazi aligombana naye, akamwita mlevi. Neno lile likamchoma moyo, akaiacha desturi ile mara moja.

Aliolewa na Patricius, mtu wa baraza la mji, ambaye hakuwa Mkristo. Mali yake ilikuwa kidogo na hasira yake nyingi, wala hakuwa mwaminifu katika ndoa. Mumewe alipokasirika Monika alinyamaza. Hasira ikiisha, ndipo alipomweleza neno lake. Hatusemi haya ili kumfundisha mke yeyote avumilie kupigwa, kwa maana kumpiga mke ni dhambi. Twasema ili tuone jinsi mama huyu alivyoutawala ulimi wake. Mama mkwe wake naye alimchukia mwanzoni kwa sababu ya masengenyo ya wajakazi, lakini upole wa Monika ukamshinda. Na watu wawili waliogombana wakimjia, kila mmoja na maneno machungu juu ya mwenziwe, hakuchukua la huyu kumpelekea yule, ila lile liwezalo kuwapatanisha. Patricius akabatizwa mwishoni mwa maisha yake, akafa yapata mwaka 371.

Augustino alizaliwa mwaka 354. Alipokwenda Carthage kusoma, alikaa na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto mwanamume, wakamwita Adeodatus, maana yake, Aliyetolewa na Mungu. Tena akashika mafundisho ya Wamani, akakaa nayo miaka 9. Mama yake alihuzunika hata akakataa kula naye meza moja. Ndipo alipoota ndoto, ya kuwa kijana mmoja amwambia atazame, kwa kuwa pale asimamapo yeye, mwanawe naye yupo. Akamrudisha mezani pake. Akamwendea na askofu mmoja, akamsihi ajadiliane na Augustino. Askofu akakataa, kwa sababu kijana alikuwa bado na kiburi. Lakini alipoona anavyolia, akamwambia aende na amani, ya kuwa mtoto wa machozi kama yale hawezi kupotea.

Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake huko Carthage, akapanda chombo usiku kwenda Roma, akamwacha akiomba. Monika hakusema, Basi, imekwisha. Alivuka bahari naye, akamfuata mpaka Milano mwaka 385; na njiani, tufani ilipovuma, yeye ndiye aliyewatia moyo mabaharia.

Hapo Milano twaona jambo litupasalo kulifikiri. Kwao Afrika Monika alizoea kuchukua uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi wa imani. Alipofanya vivyo hivyo Milano, bawabu alimzuia, akisema Askofu Ambrosi amekataza, kwa kuwa wengine walilewa, na kwa kuwa desturi ile ilifanana mno na matambiko ya wapagani. Monika hakunung'unika wala hakusema, Mbona kwetu twafanya? Akaacha kikapu, akaja na maombi, na alivyoweza kutoa akawapa maskini.

Wala tusimfanye kuwa mtu asiye na upungufu. Yeye ndiye aliyejitahidi sana kumposea Augustino msichana, na kwa ajili ya posa hiyo mama yake Adeodatus alirudishwa Afrika, akamwacha mtoto wake. Jina la mwanamke yule halikuandikwa. Twaona ni vema tumkumbuke naye, kwa maana hata wazazi wema waweza kuwaumiza wengine wakitafuta heri ya watoto wao.

Mwaka 386 Augustino aligeuka moyo, na mara akaenda kumwambia mama yake. Usiku wa Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi akawabatiza Augustino na Adeodatus pamoja. Usiku ule bibi huyu alipata mwana na mjukuu.

Wakashika njia kurudi kwao. Huko Ostia, wakingoja chombo, Monika aliugua homa. Zamani alikuwa ametengeneza kaburi lake kando ya mumewe. Sasa akawaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke mbele ya madhabahu ya Bwana. Siku ya 9 ya ugonjwa akafa, mwenye umri wa miaka 56. Adeodatus akalia kwa sauti kuu mpaka wakamnyamazisha. Augustino alijizuia mchana kutwa. Baadaye, alipokuwa peke yake, akamlilia mama yake, wala hakuona haya kuyaandika hayo katika kitabu chake cha Maungamo. Mwaka 1945, vijana waliokuwa wakichimba shimo huko Ostia walikuta kipande cha jiwe lililoandikwa kwa ajili ya kaburi lake.

Kanisa Katoliki humkumbuka Monika kila tarehe 27 Agosti. Waalimu, siku hiyo wasimulieni watoto habari hizi. Na wewe mama, ambaye mwanao amekwenda mjini na habari zake hazikufurahishi, usimfungie mlango, wala usiache kumtaja katika sala yako ya jioni. Nanyi wajukuu, ambao bibi zenu wangali hai, ketini nao, mwaulize habari za maisha yao, mziandike.