Kambi: Makazi ya Askari na Upana wa Jina Lake

Neno kambi lina maana mbili zinazokaribia kupingana, kwa kuwa hutaja mahali ambapo askari au wasafiri hutua kwa muda kisha wakaondoka, na pia hutaja kituo cha kudumu chenye ofisi, ghala la silaha, uwanja wa gwaride na nyumba za familia. Maana ya kwanza ndiyo iliyomo katika kauli ya kupiga kambi. Ya pili hutawala pale jeshi linapotajwa. Ndani ya kituo hicho askari wenyewe hutofautisha zaidi: hanga ni jengo refu wanamolala wengi pamoja, kama wanavyolijua vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ilhali kota ni nyumba anayopewa mtumishi akae na familia yake.

Kambi ya kudumu huhitaji jina, na jina hueleza jeshi lililomo ni la nani. Kambi ya Colito, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, ilipewa jina la mahali nchini Ethiopia ambapo kikosi cha King's African Rifles, yaani jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kilipigana na Waitalia mwaka 1941. Ni katika kambi hiyo maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika lililorithi kikosi hicho baada ya uhuru, yalipoanza tarehe 20 Januari 1964, na baada ya jeshi hilo kuvunjwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kuundwa mahali pake, kambi ikaitwa Lugalo, jina la mahali karibu na Iringa ambapo Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Badiliko hilo lilikuwa la haki na lenye uzito, kwani ushindi uliopatikana kwa ajili ya himaya ya wageni ulipisha ushindi wa wenyeji waliotetea ardhi yao, na vitabu vinavyosimulia maasi bila kulieleza humnyima msomaji jambo kubwa.

Nje ya jeshi, timu ya mpira huingia kambini kabla ya mechi, na bungeni huwapo kambi ya upinzani, ambamo hakuna anayelala, bali hubaki wazo la kuwa upande mmoja. Matumizi mazito zaidi ni kambi ya wakimbizi: Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa wanalea watoto wao humo humo, katika makazi ambayo kisheria bado ni ya muda.